Sahani Mbili na Tezi Moja: Uhakiki wa Maelekezo ya Kufunga Injini ya Boti

Katika kazi ya kuunda istilahi tumezoea kulipima neno kwa vipimo vitatu: ufupi wake, uwazi wake, na upatanifu wake na sarufi ya Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipo kipimo cha nne ambacho aghalabu tunakisahau. Kipimo hicho ni hiki: mtu aliyeshika spana, akilisoma neno hilo peke yake, bila mwalimu kusimama kando yake, je, atakamata kitu kilichokusudiwa? Neno linaweza kushinda vipimo vitatu vya kwanza likashindwa na cha nne, na hasara yake ikawa si ya karatasi bali ya mbao, ya petroli, na pengine ya roho za watu.

Nililazimika kuyafikiri mambo hayo baada ya kuletewa na mwalimu mmoja wa Newala karatasi ya kurasa nne, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, yenye maelekezo ya kufunga na kurekebisha kifaa cha kupandishia injini ya boti ya uvuvi. Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Kiswahili hiki ni sanifu, mbona vijana wangu hawakielewi?" Simtaji mfasiri wala ofisi iliyomwagiza, kwa sababu makosa nitakayoyaeleza si yake peke yake. Ni makosa ya kawaida katika kazi yetu, na moja wapo, kama msomaji atakavyoona, nililitenda mimi mwenyewe.

Kwa nini Newala na Masasi

Huenda msomaji akashangaa kusikia habari za injini ya boti katika nchi isiyo na bahari. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo mtu akisimama huliona bonde la Ruvuma chini yake. Na Masasi iko upande wa magharibi, chini ya uwanda huo, katikati ya majabali yake makubwa. Lakini kilimo cha korosho kimewafanya vijana wengi wa huko kuwa mafundi. Ili kuukinga mkorosho na ugonjwa wa ubwiri unga, mkulima hupuliza salfa kwa mashine inayobebwa mgongoni. Mashine hiyo huendeshwa na injini ndogo ya mipigo miwili, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Fundi aliyekwisha kuifungua na kuifunga mashine ya salfa anaijua plagi, anaijua kabureta, na anajua hasara ya kukosea mchanganyiko. Injini nyingi za boti za wavuvi wetu ni za ukoo huohuo. Kwa hiyo msimu wa salfa ukiisha, baadhi ya vijana hao hushuka pwani, Mikindani na Msimbati, kutafuta kazi kwa wavuvi.

Tena Kiswahili cha pwani si kigeni kwao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alikwisha kutoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi Masasi, na huko wakaweka makazi. Lugha hiyo imekaa pamoja na Kimakua, Kiyao na Kimakonde kwa muda wa karne moja na nusu. Lakini lugha iliyohamia bara huacha baadhi ya maneno yake pwani, na mengine huyapa kazi mpya. Hapo ndipo karatasi yetu ilipokwama.

Kwa mwanaistilahi, msomaji wa namna hii ni mwamuzi mzuri kuliko wote. Mvuvi wa Mikindani akisoma maelekezo mabaya atayasahihisha kichwani mwake bila kujua, kwa kuwa kitu chenyewe anakiona kila siku. Kijana wa Newala hana msaada huo. Ana neno tu.

Kifaa chenyewe

Yafaa kwanza nieleze kifaa kinachozungumzwa, kwani haiwezekani kuhakiki jina la kitu kisichojulikana. Injini ya kupachika hukaa nje ya boti, ikiwa imebana ubao wa nyuma. Injini hizi hutengenezwa zikiwa na shafti za urefu maalumu. Zilizo za kawaida ni za sentimeta 38, 51 na 64 hivi. Ubao wa nyuma wa boti, hasa boti iliyochongwa kwa mkono, haukuchongwa kwa kufuata vipimo hivyo. Hivyo injini huweza kukaa chini mno au juu mno.

Ikikaa chini mno, sehemu yake kubwa huburuzwa majini, boti huwa nzito, maji hurushwa nyuma, na petroli huteketea bure. Ikikaa juu mno, propela huvuta hewa badala ya kusukuma maji: injini hupiga kelele kwa kasi, lakini boti haiendi. Lililo baya zaidi ni kwamba matundu ya kuingizia maji ya kupozea injini huwa karibu na uso wa maji. Yakivuta hewa, injini huchemsha na kuharibika. Mvuvi ambaye injini yake imekufa nje ya mwamba, upepo ukivuma kuelekea bahari kuu, hana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hili.

Njia ya zamani ya kuinua injini ni kuongeza kipande cha ubao juu ya ubao wa nyuma. Kifaa tunachokizungumzia kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ni bamba la chuma au aluminiamu lenye sehemu mbili: sehemu moja hufungwa kwa bolti kwenye ubao wa nyuma, na nyingine hubeba injini, nayo huweza kupandishwa au kushushwa juu ya ile ya kwanza, kisha ikakazwa mahali panapotakiwa. Aina nyingine hupandishwa kwa nguvu ya oili, lakini iliyo rahisi hupandishwa kwa mkono, tundu kwa tundu.

Sahani mbili

Jina la Kiingereza la kifaa hicho limeunganisha neno la jeki na neno la bamba. Mfasiri akaandika sahani ya jeki. Kwa sarufi, jina hilo halina kasoro. Lakini kwa kijana wa Masasi jeki ni kitu cha kuinulia lori linapopasuka tairi, na sahani ni chombo cha kulia. Kijana mmoja aliniambia kwa unyoofu kwamba alidhani ni kibati kinachotandikwa chini ya jeki ili isizame mchangani. Nani atamlaumu? Katika barabara za mchanga za uwanda wa Makonde kibati cha namna hiyo ni kitu cha lazima, na jina hilo lingekifaa sana.

Hata hivyo kosa hilo la kwanza lingesameheka kama lisingefuatwa na la pili. Juu ya propela ya injini hii pana kipande bapa kilicholala, kazi yake ni kuizuia propela isivute hewa kutoka juu. Kipande hicho nacho, katika Kiingereza, huitwa kwa neno lilelile la bamba. Mfasiri akakiita sahani ya kuzuia uingizaji hewa. Baadaye, katika ukurasa wa tatu, kwa kupenda ufupi, akaandika agizo hili: "Pandisha sahani mpaka ilingane na chini ya boti."

Sahani ipi? Kwa mwandishi wa Kiingereza haikuwa na shaka: kipande bapa cha juu ya propela ndicho kinachopaswa kulingana na sehemu ya chini ya boti. Kwa kijana aliyekuwa ameambiwa katika ukurasa wa kwanza kwamba anafunga sahani, sahani ilikuwa ni ileile aliyoishika mkononi. Vijana wawili waliyafuata maelekezo hayo kwa uaminifu katika boti ya mvuvi mmoja. Walilishusha bamba lote hata ukingo wake wa chini ukalingana na chini ya boti, wakatoboa mashimo manne katika ubao wa nyuma, na mawili ya chini yakawa chini ya mstari wa maji. Injini ilikaa chini mno, na boti ikaanza kuvuja. Ilibidi ivutwe pwani, mashimo yazibwe kwa vigingi na kutiwa kalafati, na mwenye boti akakosa kuvua bamvua zima. Lawama zote waliangushiwa mafundi wa bara "wasiojua bahari". Lakini mafundi walitii walichoandikiwa. Ni neno moja lililopewa vitu viwili ndilo lililotoboa ubao ule.

Kanuni inayotokana na jambo hili tunaifahamu, ila hatuitii: vitu viwili katika maelekezo mamoja visipewe jina moja, hata kama lugha ya asili imevipa jina moja. Kiswahili kina bamba, na kina bapa, kama tusemavyo bapa la upanga. Basi na tuseme bamba kwa kile kinachofungwa kwenye ubao, na bapa la propela kwa kile kilicho juu ya propela. Tena neno uingizaji hewa limekwisha kuzoeleka katika ujenzi na afya kuwa ni jambo jema, la madirisha na vyumba. Kijana anayeambiwa aizuie hewa isiingie hujiuliza kwa nini.

Habari ya propela yenyewe ni fupi. Neno rafadha limo katika kamusi zetu, nalo ni neno zuri. Lakini vijana wa Newala na wavuvi wa Mikindani wote walisema propela. Pale ambapo mjuzi wa bara na mjuzi wa pwani wamekubaliana, sioni sababu ya kuwatenganisha.

Tezi na omo

Katika sehemu za boti mfasiri alitumia maneno ya asili ya pwani, na kwa hilo anastahili sifa. Aliandika kwamba injini hufungwa kwenye tezi, na kwamba mtu mmoja akae omo wakati wa kujaribu. Hakuna Mswahili wa pwani atakayeyakosoa maneno hayo.

Lakini nilipoyasoma kwa sauti mbele ya vijana, walicheka. Kwao tezi ni ugonjwa wa shingo, au kiungo cha ndani ya mwili kinachotajwa hospitalini. Na omo ni sabuni ya unga inayouzwa dukani. Karatasi iliwaagiza wafunge injini kwenye uvimbe, kisha mwenzao akakae kwenye sabuni.

Wako watakaosema: basi tuyatupe maneno hayo, tuandike nyuma na mbele. Sikubaliani nao. Tezi na omo ni mali ya lugha, na fundi atakayefanya kazi na wavuvi hawezi kuyakwepa, akiitwa "Njoo tezini!" lazima ajue aende wapi. Wako wengine watakaosema: yaachwe kama yalivyo, vijana wajifunze. Nao pia sikubaliani nao, kwa sababu karatasi ya maelekezo si mtihani. Njia iliyo bora ni kulifafanua neno pale linapotokea kwa mara ya kwanza: "tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti", na kukiita kile kinachobeba injini ubao wa tezi. Neno ubao peke yake linamwondoa msomaji hospitalini. Kwa maneno mawili na ufafanuzi mmoja tumemhifadhi mvuvi na tumemfundisha fundi.

Urefu, kimo na kina

Kosa kubwa zaidi, ingawa halionekani upesi, limo katika neno urefu. Karatasi inasema: "Hakikisha urefu wa injini ni sahihi." Katika Kiswahili cha kila siku urefu ni wa kamba iliyolala na ni wa mnazi uliosimama. Fundi wa injini ya boti anahitaji vipimo vitatu vilivyo mbali mbali: urefu wa shafti, ambao ni wa kiwandani na haubadiliki, mahali injini ilipofungwa kwa kwenda juu, ambapo ndipo hasa tunaparekebisha, na umbali wa propela chini ya uso wa maji, ambao hubadilika kadiri boti inavyobeba mzigo. Karatasi imeviita vyote urefu, au mara nyingine "urefu wa chini".

Lugha yetu haikukosa maneno. Urefu na ubaki kwa shafti, kimo kiwe cha mahali injini ilipofungwa, na kina kiwe cha propela majini. Tukifanya hivyo, sentensi ambayo katika karatasi ilichukua mistari mitano inakuwa fupi: urefu haubadiliki, kimo tunakipanga, kina hutokana na mzigo.

Umuhimu wa kutofautisha kimo na kina unaonekana katika kujaribu. Boti ya uvuvi huondoka nyepesi na kurudi imejaa samaki, nyavu na barafu. Ikiwa nyepesi huelea juu, na propela hukaribia uso wa maji. Ikiwa nzito huzama, na propela hushuka. Kimo ni kilekile, kina ni mbali mbali. Karatasi inaagiza tu "jaribu boti", bila kusema ijaribiwe katika hali gani.

Yako makosa mengine mawili ya kutajwa. Umbali kati ya ubao wa tezi na injini, ambao bamba huuongeza, umeitwa kurudi nyuma. Vijana wote walidhani ni gia ya nyuma. Ingetosha kuandika umbali kutoka ubao wa tezi. Kisha kule kupanga kimo kumeitwa kurekebisha, neno ambalo kwa fundi ni kukitengeneza kilichoharibika, kijana mmoja akauliza, "Injini ni mpya, kimeharibika nini?" Gereji husema kuseti. Katika maandishi napendekeza kupanga kimo, na sioni aibu kama mwalimu darasani ataeleza kwamba maana yake ni kuseti.

Kosa langu

Baada ya kuyakosoa hayo yote nilitoa pendekezo langu la jina la kifaa kwa kujiamini. Nikasema: tunacho kipaza sauti, tunacho kifungua kinywa, tunacho kiinua mgongo, basi kifaa hiki kiitwe kiinua injini. Ni fupi, ni wazi, na linafuata kanuni iliyozoeleka.

Vijana walinyamaza kwa adabu. Kisha mmoja wao, aliyekuwa amefanya kazi Msimbati msimu mmoja, akasema: "Samahani, ndugu yangu. Boti ikifika ufukoni nahodha hupiga kelele 'Inua mashine!' ili propela isigonge mchanga. Hapo injini inalazwa, haipandishwi. Ukisema kiinua injini watadhani ni ile komeo ya kuilaza." Alikuwa na haki kabisa. Kuinua kulikwisha kuwa na kazi katika boti kabla sijafika, nami nilikuwa nakaribia kutenda kosa lilelile nililokuja kulikosoa: kulipa neno moja vitu viwili. "Ninyi mngeliitaje?" nikauliza. Wakajibu kwamba injini inapandishwa, hivyo ni bamba la kupandishia. Ndilo jina ninalolipendekeza sasa.

Maelekezo yaliyoandikwa upya

Uhakiki usiotoa badala ni nusu ya kazi. Hapa chini ni sehemu ya maelekezo hayo, kama tulivyoyaandika upya pamoja na vijana, tukisoma kila sentensi kwa sauti kabla ya kuikubali:

"Kwanza, pima urefu wa shafti na kimo cha ubao wa tezi. Kagua ubao, kama umeoza au umelegea, usifunge kitu mpaka utengenezwe. Pili, shikiza bamba la kupandishia katikati ya ubao wa tezi, na uweke alama za mashimo. Hakikisha mashimo yote yako juu ya mstari wa maji boti ikiwa na mzigo. Tatu, toboa, tia dawa ya kuzuia maji ndani ya kila shimo, na ufunge kwa bolti zisizoshika kutu, ukiweka washa pana au kibati upande wa ndani ili nati zisizame katika ubao. Nne, funga injini kwenye bamba. Panga kimo ili bapa la propela lilingane na chini ya boti. Hakikisha mpira wa petroli na nyaya havivutwi injini ikigeuzwa kushoto na kulia, wala ikilazwa. Tano, jaribu boti ikiwa tupu, kisha ikiwa na mzigo. Angalia mchirizi wa maji unaotoka katika injini. Sita, ukitaka kupandisha, pandisha tundu moja tu, kaza, ujaribu tena. Propela ikivuta hewa unapokata kona, au mchirizi ukipungua, punguza mwendo mara moja na ushushe tundu moja. Andika kimo ulichokipata."

Msomaji ataona kwamba hakuna neno hata moja la ajabu katika maelekezo hayo. Washa, bolti, nati na propela ni ya gereji. Tezi ni ya pwani. Bamba, bapa, kimo na mchirizi ni ya wote. Kwa habari ya mchirizi, vijana walikuwa na neno lao, kwamba injini "inakojoa". Halikuandikwa, lakini naungama kwamba hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Mapendekezo

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi kubwa imefanyika ya kuorodhesha istilahi za utawala, za elimu na za sayansi. Orodha hizo hutungwa kwa kulinganisha neno la Kiingereza na neno la Kiswahili, mstari kwa mstari. Njia hiyo inafaa kwa majina ya vyeo na idara. Kwa mambo ya ufundi haitoshi, kwa sababu fundi hakutani na neno katika orodha. Hukutana nalo ndani ya agizo, huku kuchimbio kikiwa mkononi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila kundi la istilahi za ufundi lijaribiwe kwanza ndani ya maelekezo kamili, si katika orodha pekee. La pili, maelekezo hayo yasomwe kwa sauti mbele ya watu wa aina mbili: wanaokijua kitu vizuri, na wasiokijua kabisa ila wanaijua kazi iliyo jirani nayo. Vyuo vya uvuvi, kama vile vya Mbegani na Mikindani, vinaweza kutupatia wa kwanza. Shule za ufundi za Masasi na Newala zinaweza kutupatia wa pili. La tatu, wafasiri walio ofisini wapewe ruhusa na nauli ya kwenda kukiona kitu wanachokifasiri. Najua hili la mwisho litaulizwa gharama yake. Gharama ya kutokwenda tumekwisha kuiona: ni ubao wenye mashimo manne.

Wazee wa pwani husema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake, hata ukizunguka chombo kizima, mwisho utashuka chini mahali maji yanapofumwa. Walimu na watumishi wenzangu ambao wana karatasi za namna hii mikononi, za pampu, za mashine za kusaga, za salfa au za boti, nawaomba wazilete katika jarida hili pamoja na maswali ya wanafunzi wao. Maswali hayo ndiyo tunayoyahitaji kuliko kitu kingine.